Mukono unaoandika wenyewe: ni nani anayesema?

Huku Karavia na katika mitaa mingine ya Lubumbashi, wakristu wanatuletea kaye. Ni kaye za shule tu, zimejaa maandiko ya haraka, bila nukta, bila kituo. Mwenye kaye anasema: «Padri, si mimi niliyeandika. Nilikuwa katika sala, mukono ukakwenda wenyewe.» Pengine maneno yaliyomo ni maneno mema: musali, mufunge, musameheane. Lakini pengine kaye inataja jina. Inasema kwamba kifo cha baba kimetoka kwa mutoto fulani wa nyumbani, kwamba mutoto huyo ni mulozi. Usiku ule ule mutoto analala inje. Hapo tunaona kwamba jambo hili si muchezo.

Kwa upande mwingine, waseminari wetu wanasoma katika vitabu vya Ulaya na Marekani kwamba kuandika mbio, bila kusahihisha, kunafungua akili ya mwandishi na kumusaidia kuijua roho yake. Wanatuuliza: je, ni ruhusa? Je, kunafaa kitu kwa homilia, kwa sala, kwa mafungo? Na wakatekista wanauliza: tumujibu nini mama aliyeleta kaye yake?

Tutatoa jibu letu tangu mwanzo, kisha tutalieleza. Kuacha mukono ukimbie ni kazi njema, tukijua kwamba anayesema ndani yake ni sisi wenyewe. Kumwazima mukono musemaji asiyeonekana ni kazi mbaya, hata kama tunamuita kwa jina la mutakatifu.

1. Jambo hili ni nini?

Kuna mambo mawili yenye sura moja. Katika yote mawili mutu anakaa, anashika biki, anaandika upesi bila kuchagua maneno. Lakini wa kwanza anasema moyoni: «Ninataka kuona kilicho ndani yangu.» Wa pili anasema: «Uje wewe, useme kwa mukono wangu.» Macho ya jirani hayawezi kuona tofauti. Iko katika nia.

Namna gani mukono unaweza kwenda bila kuamurishwa? Si ajabu kubwa. Mwenye kuendesha kinga hafikiri juu ya miguu yake. Mama anayesonga bukari anazungumza na jirani, na mwiko hauachi kuzunguka. Muumba alitupa uwezo wa kutenda kazi nyingi bila kuziangalia. Mutu aliyezoea kuandika tangu utoto, mukono wake umekwisha kujifunza, ukiachwa, utakwenda. Mwaka 1889 mutaalamu wa Kifaransa Pierre Janet alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Alionyesha kwamba wagonjwa fulani waliweza kuongea na mutu huku mukono wao ukiandika maneno mengine kabisa, nao hawakujua. Maneno yale yalitoka katika kumbukumbu na mawazo yao wenyewe, yaliyofichama mbali na akili ya juu.

2. Desturi hii imetoka wapi?

Mwaka 1857, katika Paris, Allan Kardec alitoa kitabu cha mafundisho aliyosema yametoka kwa pepo za wafu. Wafuasi wake wakaenea katika inchi nyingi, zaidi katika Brazili. Kwao mukono wa mutu ulikuwa kama mulango: wafu wapite, waseme.

Mwishoni mwa karne ile, katika Geneva, mwanamuke aliyeitwa Hélène Smith alijulikana sana. Aliandika maandiko mageni, akasema ni luga ya watu wa nyota ya Mars. Profesa Théodore Flournoy alimufuata kwa uvumilivu, akatoa kitabu chake mwaka 1900. Alipochungua luga ile, aliona maneno ni mapya, lakini jengo lake lote ni la Kifaransa, na Kifaransa ndiyo luga mama yule aliyoijua tangu utoto. Tushike mufano huo vizuri. Mwanamuke yule hakuwa mudanganyifu, aliamini kabisa. Lakini mukono wake haukuleta kitu kisichokuwa ndani ya nyumba yake.

Kisha wakaja washairi. Mwaka 1919 André Breton na Philippe Soupault walikaa siku nyingi wakiandika mbio, bila mupango, wakatunga pamoja kitabu Les Champs magnétiques. Wakati wa vita Breton alikuwa amewatunza askari wagonjwa wa akili, na hapo alijifunza kusikiliza maneno yanayotoka bila kizuizi. Hakutafuta wafu, alitafuta chemchemi ya mifano na picha iliyo chini ya akili. Lakini katika tangazo lake la mwaka 1924 alitaka akili na sheria ya wema zisiwe na neno lolote juu ya kinachoandikwa. Hapo mukristu hawezi kumufuata mpaka mwisho.

Wengine walichukua chombo hicho kwa kiasi. Mwaka 1934 Dorothea Brande, katika Marekani, aliwashauri wanafunzi wake waandike asubuhi mara wanapoamka, kabla ya kusoma kitu chochote. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake walitoa habari ya jaribio lao: wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mufululizo, juu ya huzuni kubwa ya maisha yao. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na uchungu wake walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Kumbe kuna dawa ndani yake, na dawa ile inauma kwanza.

3. Kwetu Katanga

Tusifikiri kwamba mambo haya ni ya wageni tu. Wazee wetu wa Uluba walimujua kilumbu, mutu anayepandwa na pepo na kusema kwa ajili yake. Watu walikwenda kumuuliza juu ya ugonjwa, kifo na wizi. Yule anayeleta kaye ya ujumbe leo, mara nyingi anafanya kazi ya kilumbu kwa biki, naye hajui.

Lakini inchi yetu imetupa pia mifano mizuri ya mukono ulioachwa huru. Mwaka 1946, katika Elisabethville, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua nyumba ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Aliwaacha wachore kilichotoka ndani yao. Na kilitoka nini? Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na majani. Bela Sara alipaka rangi kwa vidole vyake. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi-mifupi. Walikuwa nyumba moja, mulezi mumoja, uhuru mumoja. Lakini hata mutoto anaweza kutofautisha kazi zao. Ndiyo alama kwamba mukono ulioachwa huru unamuonyesha mwenyewe.

Mufano mwingine ni wa mwaka 1965. André Yav, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboi wa wazungu, aliandika kwa Kiswahili chetu historia ya muji, Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Aliandika vile mutu anavyosema. Profesa Johannes Fabian, aliyeitangaza kazi hiyo mwaka 1990, alionyesha kwamba mara nyingi inapaswa kusomwa kwa sauti, ili sikio lijue neno linaishia wapi. Mwandishi yule hakusema kwamba pepo imemutuma. Alisema waliyoyaona na kuyasikia wafanyakazi, nasi tunamushukuru mpaka leo.

Iko pia mifano ya kutuonya. Padri Placide Tempels, Mufransisko, alianzisha Jamaa katika upande wa Kolwezi, tangu mwaka 1953. Mafundisho yale yaliwapa wafanyakazi wa migodi na wake zao furaha kubwa na umoja wa ndoa. Ndoto zilipata pahali pakubwa ndani yake. Watu waliziambia wazee, na wazee walizipima. Lakini vikundi fulani vilipotoka, na katika miaka ya 1970 Maaskofu waliweka sheria kali. Hatusemi kwamba ndoto ndizo zilizoharibu yote. Tunasema hivi: kinachotoka katika kilindi cha mutu, kama ndoto na kama mwandiko wa mbio, kinahitaji mupimaji aliye inje ya kikundi.

4. Eklezia inafundisha nini?

Jambo letu liliulizwa katika Roma zamani, karibu kwa maneno yetu wenyewe. Mutu mumoja, baada ya kukataa kila patano na pepo mubaya, na baada ya kumuomba mukubwa wa majeshi ya mbinguni, alishika kalamu tayari, akangoja. Akasikia mukono unasukumwa. Akauliza maswali, mukono ukaandika majibu. Je, ni ruhusa? Tarehe 30 mwezi wa tatu, 1898, Ofisi Takatifu ilijibu: namna ilivyoelezwa, si ruhusa. Muangalie vizuri: mutu yule alisali kwanza, naye alitafuta mema. Hata hivyo jibu ni hapana. Mwaka 1917 Ofisi ile ile ilikataza hata kuhuzuria mikutano ya kuita pepo kwa kutazama tu. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2116, inarudilia mafundisho hayo juu ya kuita wafu. Na kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 28, kinatuonyesha mufalme Sauli akienda usiku Endori: alipata kuogopa tu.

Kwa nini Eklezia inakataa? Si kwa sababu ya hatari ya shetani peke yake. Iko sababu ya ndani zaidi: Mungu hana desturi ya kumunyanganya mutu kalamu yake. Katika karne ya pili, Montanus wa Frigia alifundisha kwamba nabii ni kama kinubi, naye Roho ni kama kipande cha kupigia nyuzi: mutu analala, Mungu peke yake anasema. Eklezia haikukubali. Mutume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 14, anawafundisha kwamba roho za manabii zinawatii manabii. Luka, mwanzoni mwa Evanjili yake, anasema kwamba alichungua mambo yote kwa uangalifu kabla ya kuyapanga. Na Mutaguso wa Vatikano wa Pili, katika Dei Verbum namba 11 ya mwaka 1965, unafundisha kwamba waandishi watakatifu walitumia uwezo na akili zao, wakawa waandishi wa kweli. Basi, kama Mungu alimuachia Luka kalamu yake, atatunyanganya sisi ya kwetu kwa nini?

Mutakatifu Yoane wa Musalaba, mwalimu wa Eklezia, alichungua jambo hili kuliko wote. Katika kitabu cha pili cha Kupanda Mulima Karmeli, sura ya 29, anaeleza maneno yanayofuatana ndani ya roho iliyotulia katika kufikiri. Roho inajisemesha na kujijibu, na kila neno linakuja rahisi hata inafikiri mwingine ndiye anayesema. Alishangaa kuona watu wenye sala kidogo tu wakitangaza mara moja kwamba Mungu ndiye aliyewaambia. Roho Mutakatifu anaweza kuisaidia roho ile katika mawazo yake, anakubali. Lakini akili yetu inaongeza yake, na kosa linaingia kwa urahisi.

Kwa siku zetu, mufano ni wa Vassula Rydén, aliyesema mukono wake unaongozwa. Mwaka 1995 Kongregasio ya Mafundisho ya Imani iliona katika maandiko yake mambo mema, lakini pia makosa, ikawaomba Maaskofu wasiyape nafasi katika majimbo yao. Na tangu mwezi wa tano 2024 zimetoka kanuni mupya: Askofu wa pahali ndiye anayechungua mambo ya namna hii, pamoja na Roma. Si kikundi cha sala, wala si paroko peke yake.

5. Namna njema ya kuandika mbio

Sisi huku Karavia tunawashauri waseminari njia hii.

Kwanza, nia. Ufanye alama ya musalaba, useme wazi: «Bwana, ninataka kujiona mbele yako.» Usiite mwingine yeyote kuandika. Usiulize kaye swali juu ya siku zinazokuja wala juu ya siri za watu.

Pili, wakati. Dakika 15 zinatosha, asubuhi ao siku ya posho mangaribi, wakati kazi zimekwisha. Weka saa. Andika bila kusimama, bila kufuta. Ukikosa neno, andika kwamba umekosa neno, na uendelee.

Tatu, luga. Usiandike Kifaransa cha mutihani. Kifaransa hicho kimezoea kusimama wima mbele ya profesa. Andika kwa luga uliyolilia na kugombanisha ndugu zako: Kiswahili cha muji, Kiluba, Kibemba, Kisanga. Hapo ndipo mukono unapokimbia kweli.

Ine, pumuziko. Funga kaye mpaka kesho. Kesho soma na biki mukononi, uweke alama tatu: hapa kuna shukrani, hapa kuna woga ao hasira, hapa kuna zambi. Shukrani uipeleke katika sala, woga kwa mwongozi wako wa roho, zambi katika kitubio.

Tuseme mwaseminari anatayarisha homilia ya Lazaro. Vitabu vimempa maneno makubwa juu ya ufufuko. Anaandika mbio dakika 15, na mukono unamuletea kilio cha mujomba wake: wanawake chini ya hema, mafundi wakipiga misumari ya sanduku, naye mwenyewe akikasirika kwa sababu padri alichelewa. Sasa anamuelewa Marta aliyemuambia Bwana kwamba amechelewa. Hatasoma kurasa ile katika Misa. Lakini homilia imepata damu. Kazi ya akili inabaki: kuchagua, kupanga, kupima na Maandiko.

Tano, siri. Kaye hii ni ya zamiri. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, kanoni 240, inakataza kumuuliza mwongozi wa roho ao muungamishi neno lake wakati wa kuamua ni nani apewe daraja ao afukuzwe. Basi walezi wasidai kaye, na waseminari wasiitembeze katika chumba cha kulala. Iliyokwisha kazi yake, ichomwe.

Sita, kiasi. Aliye katika kilio kipya, asiyelala, ao anayesikia sauti zinazomuamuru, aache kabisa, aende kwa daktari. Huku Lubumbashi Mabruda wa Charité wana kituo cha Joseph Guislain kwa wagonjwa wa akili. Kumupeleka mutu pale si kukosa imani.

6. Kwa yule anayeletewa kaye

Mkatekista, padri: mama akikuletea kaye, usicheke, wala usipige magoti. Umuketishe. Umuulize kwanza habari zake: unalala? unakula? umefiwa na nani? Mara nyingi utakuta kaburi jipya nyuma ya kaye. Mama aliyeandika siku arobaini kwa sauti ya mutoto wake aliyekufa, anahitaji Misa kwa marehemu na watu wa kulia naye, kabla ya kuhitaji mafundisho.

Kisha soma. Uangalie mambo matatu: je, maandiko yanaomba feza? Je, yanamuinua mwandishi juu ya padri na Askofu? Je, yanamushitaki mutu? Kama moja liko, kaye isisomwe katika kikundi hata kidogo. Kama hakuna, umwambie kwa upole: «Mama, haya ni maneno ya moyo wako. Mengine ni mazuri. Usali nayo, lakini usiyaite ujumbe.» Wengi wanapumua wakisikia hivyo, kwa maana muzigo wa kuwa nabii ni muzito.

Na kama kaye inamushitaki mutoto kwa ulozi, usingoje kesho. Uende nyumbani siku ile ile, uone mutoto analala wapi. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kulinda watoto inaweka azabu. Uwaambie jamaa hivyo, na zaidi ya hivyo uwaambie yale tuliyoeleza: aliyeandika jina la mutoto si Roho Mutakatifu, wala si marehemu. Ni woga na uchungu wa nyumba, uliopata biki. Woga huo tuusikilize, tuutunze, tuuombee. Lakini hauna ruhusa ya kuhukumu.

Ndugu wapenzi, tushike kaye zetu bila woga, na tutie sahihi ya jina letu chini ya kila ukurasa. Mutu asiyeweza kuandika chini yake «Mimi ndimi niliyeandika», asiusome ukurasa ule mbele ya watu.